Daraja la Mto Chambeshi na Sisi Watu wa Tunduma

Muhula uliopita, katika somo la Historia, mwalimu wetu alichora mstari mrefu ubaoni. Ncha moja akaandika Dar es Salaam, ncha ya pili Kapiri Mposhi. Katikati akatia nukta, akasema, "Hapa ndipo Tunduma." Kisha akatia nukta nyingine mbele kidogo, upande wa Zambia, akauliza: "Mwaka 1979 daraja la hapa lilivunjwa kwa baruti. Jambo hilo liliwahusu nini watu wa Tunduma?" Akanitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye mtoto wa Tunduma katika darasa letu. Nikasimama, nikajibu bila kufikiri, "Halikutuhusu, mwalimu. Daraja lile ni la Zambia." Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema tu, "Ukifika nyumbani likizoni, kamwulize babu yako."

Nimemwuliza babu, na tena nimesoma vitabu. Haya ninayoyaandika ndiyo niliyoyapata, nami nayaleta katika gazeti letu la shule ili mwenzangu atakayeulizwa swali lile asijibu kama nilivyojibu mimi.

Mto wenyewe

Mto Chambeshi huanzia katika nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa, upande wa Zambia, wala si mbali sana na mkoa wetu wa Songwe. Sisi tunaokaa huku tumezoea kuona maji ya mvua yakishuka pande mbili: mto Momba huyapeleka Ziwa Rukwa, na mto Songwe wa mpakani huyapeleka Ziwa Nyasa. Chambeshi una safari yake peke yake. Hushuka kusini-magharibi mpaka katika mabwawa ya Bangweulu, ukatoka humo kwa jina la Luapula, ukaingia Ziwa Mweru, na mwisho maji yake yakawa sehemu ya mto Kongo na kumwagika katika bahari ya Atlantiki. Wataalamu wa Jiografia huuhesabu Chambeshi kuwa chanzo cha mbali kuliko vyote cha mto Kongo.

Wakati wa masika mto huu hufurika na kuenea mbugani, hata mtu asiyeujua hudhani ni ziwa. Kwa hiyo yeyote atakaye kutoka Kasama kwenda Mpika hana budi kuwa na mahali pa kuvukia, na mahali pa kuvukia mto mkubwa, tangu zamani, ndipo majeshi hufika.

Hilo lilionekana katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi wa Novemba, 1918, jeshi la Wadachi wa Afrika ya Mashariki, likiongozwa na Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, lilipita katika pande zetu hizi likikimbizwa na Waingereza. Lilipigana Fife, kituo cha Waingereza kilichokuwa jirani na mpaka wetu, kisha likaingia Kasama. Huko Ulaya vita vilikwisha tarehe 11 Novemba, lakini huku hapana aliyejua. Habari za amani zilimkuta Lettow-Vorbeck penye mto Chambeshi, siku kama tatu baadaye. Tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini katika mji wa Abercorn, ambao leo huitwa Mbala. Alikuwa na Wadachi 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi wengi. Penye kivuko cha Chambeshi pana mnara wa ukumbusho wa jambo hilo. Hivyo vita vya kwanza viliufikia mto ule vikaishia hapo. Vita vya pili, nitakavyovieleza, viliufikia vikavunja.

Kwa nini reli ilijengwa

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba, 1964. Mali yake kubwa ni shaba, na nchi haina bahari. Wakati huo shaba karibu yote ilipita kusini, kwa reli ya Rodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith na walowezi wenziwe wa Rodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, ili walio wachache waendelee kuwatawala walio wengi. Tangu siku hiyo Zambia ikawa kama mtu ambaye mlango wa nyumba yake umo mikononi mwa adui yake.

Kwanza ilitumika barabara. Malori yalibeba mafuta kutoka Dar es Salaam na kurudi na shaba, yakipita Tunduma usiku na mchana. Barabara ilikuwa ya udongo, yenye milima na utelezi, na watu wengi walikufa, hata madereva wakaipa jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola likamalizika, na mzigo wa malori ukapungua. Lakini shaba haipiti katika bomba. Ilitakiwa reli.

Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda waliomba msaada katika nchi za Magharibi, wakajibiwa kwamba reli hiyo haitakuwa na faida. Uchina ikakubali. Mkataba uliandikwa Beijing mwezi wa Septemba, 1967, na mkopo wake haukuwa na riba. Kazi ikafunguliwa rasmi Oktoba, 1970. Reli ilifika mpakani kwetu Agosti, 1973, ikafika Kapiri Mposhi Juni, 1975, na Julai, 1976, ikakabidhiwa kwa serikali mbili. Urefu wake ni kilomita 1,860. Ina madaraja zaidi ya 300, nayo moja la maana sana ni lile la Chambeshi.

Babu yangu alikuwa kijana wa miaka ishirini reli ilipofika Tunduma, naye alipata kibarua cha kubeba mataruma. Mataruma ya reli hii ni ya zege, si ya mti. "Taruma moja," alisema, "lilitaka wanaume kadha, na bega la kila mmoja lilijua kama mwenzake anategea." Wachina walifanya kazi bega kwa bega nao, na baadhi yao walikufa wakazikwa katika nchi hii. Nilimwuliza kama alijua wakati ule kwamba reli ni ya kupigania uhuru wa kusini. Akanijibu, "Mjukuu wangu, nilijua ni ya mshahara. Hayo mengine niliyajua ilipokatwa."

Usiku wa Oktoba, 1979

Hapana budi kueleza hali ya mwaka ule. Wapigania uhuru wa Zimbabwe walikuwa na kambi zao Zambia na Msumbiji, na jeshi la Rodesia lilivuka mipaka kuwashambulia. Reli ya Angola iendayo bandari ya Lobito ilikuwa imefungwa tangu 1975 kwa sababu ya vita vya huko. Reli yetu na bandari ya Dar es Salaam zilielemewa na mizigo. Mwezi wa Oktoba, 1978, Rais Kaunda, kwa shida aliyokuwa nayo, alifungua tena njia ya kusini ipitayo Rodesia. Basi Zambia ikawa na milango miwili: mmoja wa rafiki, kaskazini, na mmoja wa adui, kusini.

Mwezi wa Septemba, 1979, mkutano wa amani ulianza London, katika jumba la Lancaster House. Pande zote zilikaa mezani. Lakini watu wanapozungumza mezani, kila upande hupenda mwenzake awe na njaa. Kikosi kidogo cha askari wa Rodesia, wasiofika hata ishirini, kilipelekwa mbali kaskazini mwa Zambia. Waliruka kwa miavuli, wakateremka mto kwa mitumbwi wakiwa na baruti, na tarehe 12 Oktoba, 1979, wakavunja madaraja mawili ya Chambeshi kwa pamoja, la reli na la barabara. Kisha wakanyang'anya lori, wakakimbia nalo.

Mlango wa rafiki ukafungwa. Mwaka huo mavuno ya Zambia yalikuwa mabaya, na mahindi yalihitajiwa kutoka nje. Novemba Rodesia ikazuia mahindi yasipite kusini kwenda Zambia. Mwezi huo huo madaraja mengine kadha ya Zambia yalivunjwa, na tarehe 20 Novemba Rais Kaunda akawatangazia wananchi wake kwamba nchi imo katika hali ya vita. Msomaji aone jinsi jambo lilivyofungamana: hawakuvunja daraja kwa kuwa walilichukia daraja. Walivunja ili sahani ya mtu wa Lusaka iwe tupu, naye rais wake akubali haraka yale ambayo hakutaka kuyakubali.

Habari za nyumbani kwetu

Hapa ndipo babu alipoinama kidogo kabla ya kuendelea. Sisi ni Wanyamwanga, na mpaka uliwekwa juu yetu: ndugu wengine wako Nakonde na wengine Tunduma. Dada yake babu, ambaye mimi humwita bibi, aliolewa na mfanyakazi wa reli, wakakaa Mpika. Mpika iko ng'ambo ya pili ya Chambeshi. Kwa kuwa mumewe alikuwa mtu wa reli, bibi alipewa hati ya kusafiri bila nauli, na kila mwaka alikuja kuwasalimu wazee.

Mwisho wa mwezi ule wa Oktoba baba yao alifariki dunia. Babu alipeleka simu ya maandishi Mpika. Bibi akafunga mzigo wake, akaenda stesheni na hati yake mkononi. Akaambiwa, "Mama, gari halivuki Chambeshi. Daraja limo majini." Fedha ya nauli ya basi hakuwa nayo. Alikaa kando ya barabara kuu mpaka dereva wa lori alipomhurumia, akaja kwa njia ya Isoka. Huku nyumbani wazee walimngoja siku moja, wakangoja na ya pili, kisha wakasema maiti haingoji. Bibi alifika siku mbili baada ya maziko. Babu asema hakulia mbele ya watu. Alikwenda kaburini peke yake, akakaa huko mpaka jua likachwa.

Nilipoyasikia hayo nilikumbuka jibu langu la darasani, nikaona haya.

Jinsi daraja linavyorudishwa

Nilitaka kujua pia daraja lililoanguka hurudishwaje. Watu hudhani huwa ni kujenga tu kama mwanzo, kumbe kazi ya kwanza ni kuchunguza. Daraja la reli lina sehemu tatu zinazosaidiana: nguzo zilizosimama majini, mihimili ya chuma inayolala juu ya nguzo, na njia yenyewe ya reli. Baruti huweza kuangusha mhimili mmoja na kuacha nguzo imesimama, lakini ikiwa na ufa usioonekana kwa macho. Mhandisi hana budi kuipima kila nguzo, hata chini ya maji, kabla ya kuibebesha mzigo. Kisha chuma kilichoanguka huondolewa mtoni, maana kikiachwa huzuia takataka za mafuriko, na maji yakizuiwa hula msingi wa nguzo. Ndipo huwekwa mihimili mipya. Mwisho, kabla ya abiria kuruhusiwa, kichwa cha gari hupitishwa polepole huku wataalamu wakipima chuma kimeshuka kiasi gani chini ya uzito.

Kazi hiyo huchukua muda, na vita havingoji. Kwa hiyo kuna madaraja ya muda. Mashuhuri kuliko yote ni lile la Donald Bailey, Mwingereza aliyelibuni katika Vita Kuu ya Pili. Hufanywa kwa vipande vya chuma vilivyo sawa sawa, kila kimoja cha urefu wa futi 10 na kimo cha futi 5, kiasi cha kubebwa na watu sita. Vipande hushikizwa kwa pini kubwa. Daraja zima huunganishwa ukingoni juu ya magurudumu, kisha husukumwa kuvuka mto, likitanguliwa na pua nyepesi ya chuma ili lisitumbukie kabla ya kugusa ng'ambo.

Nchi yetu ilikwisha kulijua jambo hili kabla ya Chambeshi. Mwishoni mwa Oktoba, 1978, majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa uitwao sasa Kagera, na tarehe 3 Novemba yakavunja daraja la mto Kagera pale Kyaka, ili majeshi yetu yasivuke. Katika mwezi ule ule wahandisi wa jeshi letu walitandika daraja la muda, askari wetu wakavuka, na Aprili, 1979, Kampala ikatekwa. Leo Kyaka ina daraja la kudumu, na mabasi ya kwenda Mutukula hupita juu yake. Hivyo basi, katika muda wa mwaka mmoja, madaraja mawili yaliyotuhusu yalivunjwa, moja kaskazini na jingine kusini. Na yote mawili yalirudishwa. Chambeshi nako daraja lilijengwa upya, reli ikaungana tena, na shaba ikapita tena Tunduma kwenda baharini.

Waliolivunja hawakupata walichotaka. Mkataba wa London ulitiwa sahihi tarehe 21 Desemba, 1979, na tarehe 18 Aprili, 1980, Zimbabwe ikapata uhuru wa kweli. Siku chache kabla yake, tarehe 1 Aprili, 1980, nchi tisa za kusini mwa Afrika zilikutana Lusaka zikaunda umoja wa SADCC, ambao leo ni SADC. Jambo mojawapo walilolitanguliza lilikuwa njia: reli, barabara na bandari, ili asiwepo tena jirani anayeweza kumfungia mwenzake mlango.

Jibu langu

Siku hizi Tunduma ni mji wa malori. Foleni yake inajulikana hata kwa watoto wadogo, na tangu Oktoba, 2019, Tanzania na Zambia zina kituo kimoja cha pamoja cha kukagua mizigo mpakani. Wengi katika wazazi wetu wanaishi kwa kile kivukacho: mama ntilie, wabadilisha fedha, mafundi wa magurudumu, wenye nyumba za kulala wageni. Reli yenyewe imechakaa, lakini mwezi wa Septemba, 2024, Tanzania, Zambia na Uchina zilitia sahihi makubaliano huko Beijing ya kuifufua. Nadhani kila kijana wa Songwe angepaswa kulifuata jambo hilo kama afuatavyo mpira.

Naona tena jambo jingine. Reli ilijengwa kwa miaka karibu sita, na maelfu ya watu. Watu wasiofika ishirini waliikata kwa usiku mmoja. Wahenga walisema kuvunja ni rahisi, kujenga ni kazi. Nami naongeza kwamba hata kulinda ni kazi, wala si ya askari tu. Mtu aibaye boliti la reli ili akauze vyuma chakavu, hata kama ni mwenzetu wa kijijini, afanya kidogo kidogo ile ile kazi iliyofanywa na wale wenye miavuli.

Bibi yangu wa Mpika yu hai bado. Likizo ijayo babu ameahidi kunipeleka kumsalimu, nami nimemwomba tupite Kasama, ili nilione lile daraja kwa macho yangu.

Mwalimu, jibu langu la muhula uliopita nalifuta. Swali lilikuwa: kuvunjwa kwa daraja la Chambeshi kuliwahusu nini watu wa Tunduma? Jibu: daraja ni la nchi lilimosimama, lakini ni la kila mtu aliye na kitu chake, au ndugu yake, ng'ambo ya pili.